Santuri kama Matini: Kusikiliza Nyimbo za Soul, Fanki na za Utulivu kutoka Kona Baridi

Ikisiri

Mashairi mengi ya Kiswahili ya karne ya 20 hayakupata kuandikwa kitabuni. Yaliimbwa, yakarekodiwa, yakahifadhiwa katika mifuo ya santuri. Makala hii inazichunguza santuri za soul, fanki na nyimbo za utulivu za Afrika Mashariki, hasa za Kenya, kama matini za fasihi. Inahoji kwamba umbo la santuri liliathiri umbo la utunzi, kwamba karatasi ya lebo ni sehemu ya matini, na kwamba wimbi la miaka ya karibuni la kuzitoa upya santuri hizi limeurudisha wimbo wa Kiswahili nyumbani ukiwa na maelezo ya lugha nyingine. Mwishoni inapendekezwa njia ambayo mwanafunzi wa Kiswahili anaweza kuitumia kuziba pengo hilo.

1.0 Utangulizi

Barabara ya Magadi itokapo Nairobi hupitia Lang'ata, Ongata Rongai na Kiserian, kisha hupanda bega la kusini la Milima ya Ngong. Pale inapoanza kuteremka kuelekea Olepolos, Olorgesailie na Ziwa Magadi, pana mahali paitwapo Kona Baridi, katika kaunti ya Kajiado. Jina hili peke yake ni somo la isimujamii. Neno la kwanza lilitoka katika Kiingereza likavishwa irabu ya Kiswahili. La pili lilikuja zamani kutoka Kiarabu. Yote mawili yakaungana katika nchi ya Wamaasai kutaja jambo ambalo kila apitaye hapo hulihisi, yaani upepo mkali unaovuma kutoka Bonde la Ufa.

Siku za Jumapili wakazi wa Nairobi, Rongai, Ngong na Kitengela hupanda hadi vilabu vya nyama choma vya Kona Baridi na Olepolos. Spika za vilabu vya aina hii hupendelea nyimbo za zamani, zile ambazo nchini Kenya huitwa zilizopendwa. Kijana wa miaka 20 huweza kuimba pamoja na spika wimbo uliorekodiwa miaka mingi kabla hajazaliwa, akaujua kiitikio chake neno kwa neno, na bado asimjue mtunzi, wala mwaka, wala kwamba wimbo ule ulikuwa na upande wa pili ambao hajapata kuusikia. Hali hii inaibua swali la msingi: je, wimbo unaokumbukwa na wengi kiasi hiki una nafasi gani katika taaluma ya fasihi ya Kiswahili?

Nafasi hiyo bado ni finyu. Mwanafunzi wa ushairi hufundishwa Muyaka bin Haji, Utendi wa Mwana Kupona, Shaaban Robert na Mathias Mnyampala. Katika upande wa muziki, taarab imepata watafiti wake, na Siti binti Saad hutajwa mara kwa mara, pengine kwa sababu Shaaban Robert aliandika wasifu wake. Lakini kijana wa Mombasa, Nairobi au Dar es Salaam aliyeshika gitaa la umeme katika miaka ya 1960 na 1970 akaimba soul na fanki huachiwa wanahistoria wa muziki na wakusanyaji wa santuri. Makala hii inashikilia kwamba kumwachia mtu huyo wengine ni hasara ya fasihi, na kwamba hasara hiyo inaongezeka kila mwaka.

2.0 Msikilizaji kama Mhakiki: Mifano Miwili

Kabla ya kuzigeukia santuri za Kiswahili, ni vyema kuonyesha kwamba usikilizaji wa santuri haukuwa kamwe tendo la kupokea tu. Mfano wa kwanza unatoka kwenye milima hiyohiyo ya Ngong. Katika kitabu chake cha mwaka 1937, Out of Africa, Karen Blixen anaeleza jinsi Denys Finch Hatton alivyomletea gramafoni katika shamba lake la kahawa chini ya milima hiyo. Anasimulia kwamba watu wa shamba walikuja kusikiliza, na kwamba baadhi ya watumishi wa nyumbani walichagua vipande walivyovipenda. Kamante, mpishi wake, alipendelea sehemu ya polepole ya utungo mmoja wa Beethoven wa piano na okestra, na mara ya kwanza alipotaka apigiwe alipata shida ya kueleza ni kipi alichokitaka.

Shida ya Kamante inastahili kuzingatiwa. Alikuwa na chaguo, alikuwa na sababu, lakini hakuwa na istilahi. Aidha, simulizi hii imetufikia kwa kalamu ya bibi mwenye shamba, si kwa kinywa cha Kamante mwenyewe. Msikilizaji yupo, uamuzi wake wa kisanaa upo, lakini maelezo yameandikwa na mtu mwingine katika lugha nyingine. Kama itakavyoonekana mbele, hali hiyo haijabadilika sana.

Mfano wa pili unatoka Kapkatet, katika nchi ya Wakipsigis. Mwaka 1950 Hugh Tracey, mtafiti wa muziki wa Afrika, alirekodi huko nyimbo zilizoitwa Chemirocha. Kwa maelezo ya Tracey, jina hilo lilitokana na Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani aliyefariki mwaka 1933, ambaye santuri zake zilikuwa zimefika kwa Wakipsigis. Jina la kigeni lilipata kiambishi cha Kikalenjin, na mwimbaji asiyeonekana akageuzwa kuwa kiumbe wa ajabu, nusu mtu na nusu paa, wa kuimbiwa na wasichana. Mtu anayefundisha fasihi simulizi hatakosa kulitambua jambo hili: ni uzalishaji wa kisasili. Santuri iliingia kama bidhaa, ikatoka ikiwa masimulizi.

Mifano hii miwili inatupa kanuni ya kuongozea mjadala. Santuri haikomei pale sindano inapoinuliwa. Hukamilika katika uchaguzi, upokezi na usimulizi wa wale walioisikia. Walter Ong, katika kazi yake ya mwaka 1982, aliuita utamaduni wa redio, simu na televisheni usimulizi wa pili, yaani usimulizi unaotegemea maandishi na mitambo. Santuri ya Kiswahili ni kielelezo kizuri cha usimulizi huo.

3.0 Umbo la Santuri na Umbo la Wimbo

Santuri ya awali iliyozunguka mara 78 kwa dakika, yenye kipenyo cha inchi 10, ilibeba takriban dakika tatu kila upande. Santuri ndogo ya inchi 7, izungukayo mara 45 kwa dakika, iliingia sokoni Marekani mwaka 1949, na ndiyo iliyotawala Afrika Mashariki katika miaka ya 1960 na 1970. Dakika hizi chache zilikuwa sheria kwa mtunzi, kama vile mizani ilivyo sheria kwa mshairi. Siti binti Saad aliposafiri kwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi kwa kampuni ya HMV, sanaa ambayo katika baraza la Unguja ingeweza kurefushwa kadiri ya hamu ya hadhira ilibidi iingie katika kipimo cha mtambo.

Matokeo ya sheria hiyo kifani yanaonekana wazi. Kwanza, beti zilipunguzwa. Wimbo wa santuri mara nyingi huwa na beti mbili au tatu, na kila ubeti hulazimika kubeba hoja yake haraka. Pili, kiitikio kilipewa uzito mkubwa, kwa kuwa ndicho kilichobaki kichwani mwa msikilizaji baada ya dakika tatu kwisha. Tatu, mgogoro hutangulizwa. Utenzi huanza kwa dua na kutaja kalamu na wino. Wimbo wa santuri hauna nafasi hiyo, na mara nyingi mlalamikaji huanza kulalamika katika mshororo wa kwanza.

La nne ndilo la kuvutia zaidi. Wanamuziki wa Nairobi waliopiga benga na rumba hawakukubali kupunjwa na dakika tatu. Walizoea kuugawa wimbo mmoja katika sehemu mbili: sehemu ya kwanza upande huu, sehemu ya pili upande ule. Kwa kawaida upande wa kwanza hubeba masimulizi na upande wa pili hubeba gitaa, miitikio na mchemko wa dansi. Msomaji wa ushairi wa Kiswahili anaweza kulielewa jambo hili kwa istilahi zake mwenyewe. Mshororo wa shairi la kimapokeo una ukwapi na utao, na kati ya vipande hivyo pana pumziko ambalo sikio hulitarajia. Santuri nayo ina ukwapi wake na utao wake, na pumziko lake ni ule muda wa kuinua sindano na kuigeuza sahani. Maneno huuliza, ala hujibu.

Ufananisho huu haumaanishi kwamba watunzi wa santuri walikuwa wakifuata arudhi. Unamaanisha kwamba mhakiki anayesikiliza upande mmoja tu amesoma nusu ya matini. Mtangazaji wa redio mwenye muda mfupi aliweza kupiga upande wa kwanza na kuishia hapo. Vivyo hivyo mnukuzi wa kaseti, na baadaye mpakiaji wa intaneti. Nyimbo nyingi zinazoimbwa Kona Baridi leo ni ukwapi usio na utao.

4.0 Lebo na Swali la Utunzi

Katikati ya santuri pana karatasi ya duara. Juu yake huandikwa jina la wimbo, jina la mwimbaji au bendi, mara nyingi jina la mtunzi, jina la kampuni na nambari ya santuri. Gérard Genette, katika kitabu chake cha mwaka 1987, aliyaita maandishi yanayoizunguka matini kuu vizingiti, kwa kuwa msomaji huyavuka kabla ya kuingia ndani. Lebo ni kizingiti cha santuri. Kwa wimbo ambao haukuchapishwa mahali pengine popote, huenda ndiyo maandishi pekee yaliyopo.

Umuhimu wake unaonekana katika historia ya "Malaika". Wimbo huu ulijulikana kwa sauti ya Fadhili William, aliyeurekodi Nairobi karibu mwaka 1960. Miriam Makeba aliuimba pamoja na Harry Belafonte katika albamu yao ya mwaka 1965, na kundi la Boney M lilitoa toleo lake mwaka 1981. Hata hivyo Adam Salim, mzaliwa wa Tanganyika, alidai kwamba aliutunga yeye katika miaka ya 1940. Mwanafunzi akiulizwa mtunzi ni nani, ajibu nini?

Jibu la kitaaluma ni kutofautisha aina tatu za uenyewe ambazo lebo huzichanganya: mtu aliyeutunga wimbo, mtu wa kwanza kuurekodi, na mtu ambaye jina lake lilisajiliwa ili alipwe. Katika fasihi simulizi tumezoea kusema kwamba utungo ni mali ya jamii. Msimamo huo unafaa kwa wimbo wa jandoni, lakini ukiletwa katika santuri huzaa dhuluma, kwa sababu hapa kuna mtu anayelipwa na mwingine asiyelipwa. Lebo ni ushahidi muhimu, lakini haitoshi kuwa hukumu. Husomwa pamoja na matoleo mengine na pamoja na ushuhuda wa walioishi wakati huo.

Ushuhuda huo nao hauna dawamu. Fundi Konde alifariki mwaka 2000. Fadhili William alifariki mwaka 2001. Daudi Kabaka, ambaye wimbo wake "Helule Helule" ulipigwa upya na kundi la The Tremeloes na kupata umaarufu Uingereza mwaka 1968, alifariki pia mwaka 2001. Kwa muda wa takriban miaka miwili Kenya ilipoteza watunzi watatu wa nyimbo ambazo karibu kila mtu anazijua. Wanafunzi wengi wanaoingia vyuo vikuu leo walikuwa hawajazaliwa. Maswali ambayo wangeuliza sasa yanajibiwa na santuri peke yake, kama itapatikana.

5.0 Soul na Fanki: Suala la Lugha

Soul ni muziki wa Wamarekani weusi uliotoka kanisani ukaingia ukumbi wa dansi. Kutoka kanisani ulibeba mwito na mwitikio, na sauti inayopanda hadi kuwa kilio. Fanki iliyofuata ilipunguza wimbo na kuzidisha mapigo: besi na ngoma ziliongoza, na neno likawa kama kijiti cha kupigia. Vijana wa Afrika Mashariki waliyasikia haya kupitia santuri za akina Otis Redding na James Brown, na wakaamua kuyajibu.

Jibu la kwanza lilikuwa la Kiingereza. Slim Ali wa Mombasa, akiwa na bendi yake ya Hodi Boys, aliimba soul kwa Kiingereza kwa ufasaha uliomfanya ajulikane mbali na pwani. Bendi ya Matata, iliyotoka Kenya ikarekodi Uingereza katika miaka ya 1970, ilijulikana kwa fanki ya Kiingereza kama vile "Wanna Do My Thing". Ni rahisi kuwalaumu wanamuziki hawa kwa kuipa Kiswahili kisogo. Lakini tazama majina ya bendi. Hodi ni neno la mtu aliyesimama mlangoni akiomba ruhusa ya kuingia; kanuni nzima ya adabu ya Waswahili imo humo. Matata ni vurugu na usumbufu. Bendi hizi ziliimba kwa Kiingereza, lakini zilijitambulisha kwa Kiswahili. Hodi ilipigwa mlangoni pa muziki wa dunia, na aliyeipiga hakulificha kabila la lugha yake.

Jibu la pili lilikuwa gumu zaidi: kuiimba fanki yenyewe kwa Kiswahili. Ugumu wake ni wa kifonolojia. Kiingereza kina maneno mengi ya silabi moja yanayoishia kwa konsonanti, nayo hukatika ghafla kama pigo la ngoma. Neno la Kiswahili kwa kawaida lina silabi mbili au zaidi, silabi zake nyingi ni wazi, mkazo hukaa katika silabi ya pili kutoka mwisho, na mwisho wa neno ni irabu inayotaka kuendelea kusikika. Mtu akiyatafsiri tu maneno ya fanki ya Kiingereza atapata mshororo mrefu unaochelewa kila mara nyuma ya besi.

Watunzi waliutatua ugumu huu kwa nyenzo ambazo lugha yenyewe iliwapa. Nyenzo mojawapo ni takriri. Majina ya nyimbo ni ushahidi wa kutosha: "Helule Helule" ya Daudi Kabaka, ingawa yeye alipiga mtindo wa twisti, "Kibe Kibe" ya Mombasa Vikings, "Tamba Tamba" ya Nairobi Matata Jazz. Neno linapokaririwa, mkazo wake wa silabi ya pili kutoka mwisho hurudi kwa vipindi sawa, na silabi zilizosalia huwa kama kayamba kati ya mapigo. Hapa takriri, ambayo katika uhakiki wetu huelezwa kwa kawaida kuwa ni ya kusisitiza ujumbe, inafanya kazi nyingine: inaifundisha lugha kucheza.

Nchini Tanzania bendi ya Afro 70, chini ya Patrick Balisidya, ilitoa "Weekend", wimbo wa Kiswahili wenye kichwa cha Kiingereza. Linganisha na Hodi Boys: huku jina ni la Kiswahili na wimbo wa Kiingereza, kule kichwa ni cha Kiingereza na wimbo wa Kiswahili. Kundi la Sunburst, lililokuwa na makao Dar es Salaam na wanamuziki wa mataifa mbalimbali, lilienda mbali zaidi. Katika albamu yao Ave Africa ya mwaka 1976 umo wimbo "Enzi za Utumwani". Kichwa hicho peke yake kinakanusha dhana kwamba fanki ni muziki wa anasa usio na maudhui mazito. Historia ya utumwa, ambayo riwaya na tamthilia za Kiswahili zimeishughulikia kwa kurasa nyingi, iliingizwa katika gitaa la umeme na kuletwa mbele ya watu waliokuja kucheza dansi.

6.0 Nyimbo za Utulivu na Hadhira Yake

Kundi la tatu ni la nyimbo za utulivu, zinazosikilizwa kwa starehe bila kumlazimisha mtu kuinuka kitini. Asili yake Kenya ni ya zamani kuliko soul. Fundi Konde, aliyezaliwa pwani na kutumikia jeshi la kikoloni katika kitengo cha burudani wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, aliimba kwa sauti ya chini, akikaribia kuzungumza, huku gitaa likimjibu bila haraka. Sal Davis wa Mombasa aliupeleka mkabala huo mbele katika miaka ya 1960 kwa wimbo wake "Makini". Usanii wa waimbaji hawa umo katika kujizuia: hawainui sauti pale ambapo neno linatosha.

Hoteli za pwani ziliuzidishia mtindo huu hadhira mpya, watalii. Hapo ndipo "Jambo Bwana" ya Them Mushrooms, iliyotungwa na Teddy Kalanda Harrison na kutolewa mwanzoni mwa miaka ya 1980, inapopata maana yake. Boney M waliitoa upya mwaka 1983. Walimu wa Kiswahili wamekuwa wakinung'unika kwamba salamu yake si salamu ya Mswahili, kwa kuwa Mswahili huuliza hujambo na hujibiwa sijambo. Manung'uniko hayo ni sahihi kisarufi, lakini kihakiki yanakosa shabaha. Utungo hupimwa kwa hadhira yake. Mtunzi alikuwa mbele ya mgeni aliyefika jana, atakayeondoka wiki ijayo, na akatunga kwa maneno ambayo mgeni huyo angeweza kuyashika kwa usiku mmoja. Wimbo ni somo la kwanza la lugha lililotiwa muziki. Swali la kumuuliza mwanafunzi linahusu hadhira: ni Kiswahili cha nani kinachosikika, na ni nani asiyesemeshwa humo?

7.0 Ugunduzi Upya na Lugha ya Maelezo

Katika miaka ya 1980 kaseti, na hasa kaseti zilizonakiliwa bila idhini, zilidhoofisha biashara ya santuri. Wengi walizitoa nyumbani zikaishia stoo na masokoni. Kwa upande wa Tanzania hali ilikuwa na sura yake, kwani bendi zilirekodiwa na Redio Tanzania Dar es Salaam katika kanda, lakini santuri zilifyatuliwa Nairobi. Mpaka wa nchi hizi mbili ulipofungwa mwaka 1977, hadi ulipofunguliwa mwaka 1983, njia hiyo iliingia matatani.

Kurudi kwa santuri kumekuja kwa hatua. Jijini Nairobi, kibanda cha James Rugami katika Soko la Kenyatta kimejulikana kwa miaka mingi kama mahali pa kutafutia santuri zilizopotea, na duka la Melodica la Barabara ya Tom Mboya ni jina lisilokosekana katika historia hii. Ketebul Music, shirika la Nairobi linaloongozwa na Tabu Osusa, lilitoa mwaka 2011 mkusanyiko mahususi wa nyimbo za fanki za Kenya pamoja na kijitabu na filamu. Kampuni ya Soundway ya Uingereza ilitoa Kenya Special mwaka 2013 na juzuu ya pili mwaka 2016. Mwaka huo wa 2016 kampuni ya Strut ilizitoa upya rekodi za Sunburst. Kampuni ya Buda Musique ya Ufaransa ilianza mfululizo wa Zanzibara mwaka 2005, ukigusa taarab na dansi.

Kazi hizi zinastahili shukrani, kwa kuwa bila hizo nyimbo nyingi zisingesikika tena. Hata hivyo maelezo ya mikusanyiko hii yameandikwa kwa Kiingereza au Kifaransa, na walengwa wake wakuu ni wanunuzi wa Ulaya na Amerika. Msomaji wa Kiswahili akifungua kijitabu humkuta mwimbaji wa Kiswahili akielezewa mtu mwingine. Maelezo hayo huwa tajiri kuhusu gitaa, studio na mwaka wa kurekodi, lakini huwa machache kuhusu neno: kwa nini neno hili na si lile, ni methali gani imedokezwa, ni lahaja gani inasikika. Hali ya Kamante imejirudia.

Waimbaji wa sasa hawajasubiri wahakiki. Sauti Sol, walioanza kujulikana kwa albamu ya Mwanzo mwaka 2008 na kuagana na mashabiki mwaka 2023, waliipa albamu hiyo wimbo uitwao "Lazizi". Neno laazizi ni la mapenzi ya ushairi na taarab. Vijana wa Nairobi walilichukua wakalitia katika upatano wa sauti ambao mababu zake ni soul na kwaya. Kundi la Just A Band, kwa upande wake, liliichanganya fanki na muziki wa kompyuta. Mhakiki asiyezijua santuri za miaka ya 1970 atadhani jambo hili lilianza jana.

8.0 Zoezi kwa Wanafunzi

Pendekezo la makala hii ni dogo, na linaweza kutekelezwa na chama chochote cha wanafunzi wa Kiswahili. Kila mwanafunzi wa ushairi au fasihi simulizi achague santuri moja na kuiandikia maelezo ya ukurasa mmoja kwa Kiswahili. Hatua zake ni hizi:

(a) Nakili lebo yote kama ilivyo, pande zote mbili, pamoja na nambari na makosa ya tahajia. Kosa la tahajia huweza kuonyesha matamshi au mchapaji.

(b) Andika maneno kwa kusikiliza mwenyewe. Maandishi ya intaneti yasitumiwe kama chanzo, kwa kuwa mara nyingi hunakiliana makosa. Neno lisilosikika liachiwe nafasi na kutajwa kuwa halisikiki, lisibuniwe.

(c) Sikiliza upande wa pili hadi mwisho, hata kama ni ala tupu. Eleza pale sauti ya binadamu inaporudi na inasema nini.

(d) Tenga beti na viitikio, kisha uchunguze mkazo wa maneno dhidi ya mapigo. Hapa ndipo takriri, ufupisho wa maneno na uchanganyaji wa ndimi hujidhihirisha.

(e) Wapelekee wasikilizaji wazee maandishi yako. Uwanja haupo mbali. Jumapili moja katika vilabu vya Kona Baridi inatosha kuonyesha ni nani anayeimba ubeti, ni nani anayejua kiitikio tu, na ni nani anayesema kwamba maneno hayo si yenyewe. Mtu wa tatu ndiye wa kuhojiwa, kwa idhini yake.

(f) Heshimu haki. Kwa Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001, utungo hulindwa kwa miaka 50 baada ya kifo cha mtunzi. Maneno kamili yabaki katika hifadhi ya idara; kinachochapishwa kiwe uhakiki.

Darasa la wanafunzi 30 likifanya hivi kwa muhula mmoja, litakuwa na maelezo 30 ya Kiswahili ambayo hayakuwapo. Kwa miaka mitano idara moja itakuwa na kamusi ndogo ya wimbo wa santuri.

9.0 Hitimisho

Makala imeonyesha kwamba santuri ya soul, fanki au ya nyimbo za utulivu ni matini yenye umbo lake, vizingiti vyake na suala lake la lugha, na kwamba istilahi za ushairi wa Kiswahili zinatosha kuanzia kuieleza. Imeonyesha pia kwamba ugunduzi wa santuri hizi umeshafanyika, ila umeandikwa kwa lugha za wengine.

Labda inafaa kumalizia kwa jina la aina hii ya nyimbo. Wakenya husema zilizopendwa, na Watanzania husema zilipendwa. Jina la Kenya lina kirejeshi; linangoja nomino, yaani nyimbo. Jina la Tanzania ni sentensi kamili, nayo imekwisha. Yote mawili yanaliweka penzi katika wakati uliopita. Lakini anayesikiliza spika za Kona Baridi siku ya Jumapili, upepo ukivuma na vijana wakiimba kiitikio cha babu zao, atakiri kwamba njeo hiyo si sahihi. Nyimbo hizi zinapendwa. Kinachodaiwa kwa mwanafunzi wa Kiswahili ni kuzieleza kwa lugha zilimoimbwa, wakati angali yupo mzee wa kumwambia kwamba neno alilolinukuu silo.